Ipsum ya Mkononi kwa Familia ya Rhotia

Toyota Ipsum ni gari la familia lenye safu tatu za viti na milango ya kufungua kama ya saluni. Lilitengenezwa Japani kwa vizazi viwili: cha kwanza kilianza Mei 1996, cha pili kikakipokea mwaka 2001 na kuishia mwaka 2009. Ulaya kizazi cha kwanza kiliuzwa kwa jina la Picnic na cha pili kwa jina la Avensis Verso. Toyota haikutoa kizazi cha tatu. Kwa hiyo Ipsum yoyote inayoonekana leo kati ya Arusha na Karatu, hata iliyopakwa rangi jana, ina umri wa miaka zaidi ya kumi na mitano.

Barua inayojibiwa hapa imetoka kwa mama wa watoto wanne anayeishi Rhotia, wilayani Karatu, hatua chache kutoka barabara ya lami. Mumewe ameonyeshwa Ipsum ya kizazi cha pili, namba C, na dalali wa Arusha. Fedha iliyopo ni akiba ya miaka mitano, sehemu ya mshahara wa ualimu na sehemu ya mauzo ya vitunguu. Mama mkwe anaishi Mbulumbulu na kila mwezi anapelekwa kliniki Karatu mjini. Shemeji amesema gari lililoacha kutengenezwa ni gari lililokufa, na spea zitatafutwa kwa tochi. Mume amejibu kwamba gari litajilipa lenyewe kwa kubeba abiria siku za gulio na kuwapeleka wageni kreta ya Ngorongoro. Mama ameandika kwamba nyumbani hakuzungumzwi jambo jingine tena, hata wakati wa chakula, na anaomba kujua nani yuko sahihi.

Hofu ya shemeji inaeleweka, ila gari halifi siku kiwanda kinapoacha kulitengeneza. Linakufa siku injini yake inapokosa ndugu barabarani, na Ipsum ina ndugu wengi. Kizazi cha kwanza kina injini ya petroli ya lita 2.0 iitwayo 3S-FE, ambayo ndiyo iliyofungwa pia kwenye Noah za zamani, RAV4 za mwanzo, Carina na Caldina. Fundi yeyote wa Karatu aliyewahi kufungua injini ya Noah hizo ameshaifungua hii. Kizazi cha pili kina injini ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, ambayo imo pia ndani ya Alphard, Harrier, Kluger, Estima na Camry za miaka ileile. Plagi, pampu ya maji, chujio, sensa na gasketi zinapatikana Arusha bila shida. Kinachosumbua ni vitu vya Ipsum peke yake: taa za mbele, kioo cha mlango wa nyuma, bampa, vitasa na mapambo ya ndani. Hivyo hutafutwa kwenye magari yaliyokatwa, na bei yake hutegemea huruma ya muuzaji. Ipsum yenye injini nzuri na taa iliyopasuka inaweza kumsumbua mwenye gari kuliko anavyodhani, kwa hiyo bodi nayo ikaguliwe kwa makini.

Umri wa gari una athari pia kwenye kodi. Tanzania haizuii gari kuukuu kuingia nchini kama inavyofanya Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi. Hata hivyo, mamlaka ya mapato, TRA, hutoza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari dogo lililozidi miaka kumi, na injini iliyozidi ujazo wa lita 2.0 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 badala ya 5. Ipsum ya kizazi cha pili hukumbwa na yote mawili. Ndiyo sababu kuiagiza upya kutoka Japani hakuna faida, na zilizopo sokoni ni za mkononi, zilizokwisha kupita kwa wenyewe wawili, watatu au zaidi.

Hapo ndipo herufi za namba zinapowapotosha wanunuzi wengi. Namba C au namba D huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, wala haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2002 lililochelewa kuja linaweza kuwa na namba mpya kuliko la mwaka 2007 lililotangulia. Mwaka halisi uko kwenye kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye kadi lazima ilingane herufi kwa herufi na iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Kwa Ipsum ya kizazi cha pili, namba hiyo huanza na ACM21 ikiwa gari linavutwa na tairi za mbele, au ACM26 ikiwa linavutwa na tairi zote nne. Tofauti ya tarakimu hiyo moja, kwa mtu wa Karatu, ina uzito kuliko rangi, rimu na redio kwa pamoja.

Sababu yake ni udongo. Lami ya Makuyuni hadi lango la Lodoare, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, inapita Rhotia na Karatu mjini, na juu ya lami hiyo Ipsum ni gari tulivu na la starehe. Nje ya lami hali ni nyingine. Barabara za Mbulumbulu, Endabash na Mang'ola zina udongo mwekundu ambao masika huwa kama sabuni na kiangazi huwa vumbi juu ya mawe. Gari linalovutwa na tairi za mbele, likiwa na watu saba na gunia la mahindi nyuma, linapopanda mlima sehemu ya uzito wake hurudi kwenye tairi za nyuma. Tairi za mbele, zinazofanya kazi ya kuvuta, hubaki nyepesi na kuanza kuteleza. Noah ya zamani inasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo mzigo uleule huisaidia kushika ardhi. Wenye magari ya abiria wa njia za Karatu walilijua hilo zamani, na ndiyo maana Noah zimejaa stendi na Ipsum ni za kuhesabu.

Tumbo la Ipsum nalo liko chini. Baadhi ya wenye magari hufunga spesa juu ya shokapu ili kuliinua. Spesa huongeza nafasi kidogo, lakini hupindisha pembe za ekseli za mbele na kula buti na bushi mapema. Ipsum iliyokwisha kuinuliwa kwa spesa inaeleza yenyewe ilikokuwa inapita, na mnunuzi asidhani amepata zawadi.

Jambo zito kuliko yote ni joto la injini, na hapa jiografia ya Karatu inamsaidia mnunuzi kuliko mashine yoyote ya gereji. Ziwa Manyara liko mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, Karatu mjini mita 1,500 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupandwa mara moja, kwenye kona za ukuta wa Bonde la Ufa baada ya Mto wa Mbu. Kadiri gari linavyopanda juu, hewa hupungua na nguvu za injini hupungua nayo. Maji nayo huchemka mapema: kwenye mwinuko wa Karatu, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilicholegea mpira, kitu kidogo cha kushika mkononi, kinaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi mlima mmoja tu.

Injini ya 2AZ-FE ina udhaifu unaojulikana duniani kote upande huohuo wa joto. Bloku yake ni ya aluminiamu, na kwenye injini za miaka ya mwanzo, hadi kufikia 2006 hivi, nyuzi za bolti zinazoshikilia silinda hedi huchoka na kung'oka, hasa upande wa nyuma unaotazama ukuta wa dashibodi. Hedi hulegea, maji hupungua bila kuonekana yanakovuja, na gari huanza kuchemsha. Kubadili gasketi peke yake hakuponyi ugonjwa huo, kwa sababu bolti mpya haina pa kushika. Nyuzi lazima zitobolewe upya na kuwekewa vishikizo vya chuma, kazi ambayo fundi mzuri huifanya, ila si kwa bei ya gasketi. Injini za miaka ya baadaye zilirekebishwa bolti, lakini baadhi zikaja na tatizo jingine la ringi za pistoni: zinakula oili. Timing yake ni ya cheni, tofauti na 3S-FE inayotumia mkanda wa kubadilishwa kwa vipindi. Hiyo ni nafuu, mradi oili isiachwe ikakauka.

Kwa hiyo majaribio yanayomfaa mama wa Rhotia hayamalizwi kwenye uwanja wa dalali. Gari likaguliwe asubuhi kabla halijawashwa, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe wakati huo, kamwe kisifunguliwe kukiwa na joto, na maji yaangaliwe kama yamejaa, yana rangi safi na hayana utando wa mafuta. Kijiti cha oili kichomolewe na kiwango chake kiandikwe. Fundi amulike tochi nyuma ya injini, pale mkono haufiki vizuri, akitafuta mabaki makavu meupe au ya rangi ya maji ya rejeta. Kisha gari liendeshwe hadi Mto wa Mbu likiwa na watu wazima wa kujaza viti, na lipande mlima mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Sindano ya joto ikipita katikati na kuendelea kupanda, hapo hakuna la kujadili.

Kushuka kuna ushahidi wake pia. Gari lishushwe kwa gia ndogo, mguu ukiwa nje ya mafuta, na mtu mmoja alifuate kwa gari jingine. Injini inapozuia gari kwenye mteremko huvuta oili kupitia ringi zilizochoka. Dereva akikanyaga mafuta chini ya mlima na moshi wa bluu ukatoka, injini inakula oili, hata kama muuzaji amejaza oili nzito ya kuficha. Mteremko huohuo huonyesha breki zinazotetemeka na gia boksi inayochelewa kuitikia. Gari likipoa, kiwango cha maji na cha oili kilinganishwe na kilichoandikwa asubuhi.

Muuzaji mwenye gari zima hana sababu ya kukataa safari hiyo, hasa mnunuzi akigharimia mafuta. Anayekataa amekwisha kujibu.

Hoja ya mume kwamba gari litajilipa inahitaji kusemwa wazi, kwa kuwa ndiyo inayoweza kuiumiza familia. Gari la binafsi linalobeba abiria kwa nauli linahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya gari la binafsi haikukatwa kwa kazi hiyo. Ajali ikitokea, mwenye gari anaweza kubaki na majeruhi na kesi bila kampuni ya bima nyuma yake. Kuhusu kreta, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro hairuhusu gari lisilovutwa na tairi zote nne kushuka ndani ya shimo lile la mita 600, na kusafirisha wageni ni biashara yenye leseni yake. Hata ACM26, kwa tumbo lake la chini, si gari la barabara ya Seneto inayoshuka kreta. Mapato hayo yaondolewe kwenye hesabu kabla ya fedha kutolewa.

Karatasi zifanywe siku moja na malipo: mkataba wa mauziano mbele ya wakili, uhakiki wa deni la faini za barabarani kwa namba ya gari, na uhamisho wa umiliki TRA. Gari linalouzwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye kadi liachwe, hata kama anasema ni la kaka yake. Kati ya akiba yote, moja ya tano ibaki nyumbani kwa ajili ya tairi, shokapu, oili zote na maji ya rejeta, ambavyo gari la umri huu huvidai ndani ya miezi ya mwanzo.

Kwa familia inayoishi kando ya lami, yenye safari za shule, kanisa, kliniki na Arusha mara chache kwa mwezi, Ipsum ni gari la kufaa. Shemeji amekosea kuhusu spea za injini, na mume amekosea kuhusu abiria na kreta. Kama namba ya chesisi ni ACM21, safari za Mbulumbulu za masika mama mkwe aletwe na Noah hadi Rhotia, gari la nyumbani limpokee hapo. Kama ni ACM26, anaweza kufuatwa nyumbani kwake isipokuwa siku za mvua kubwa. Na kama gari hilo halijapanda mlima wa Mto wa Mbu likiwa na viti vyote vimejaa, mama asikubali akiba ya miaka mitano itoke.