Lakabu za Silaha na Kejeli Iliyopotea katika Michezo ya Kompyuta ya Vita

Katika Call of Duty: World at War, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2008 unaoigiza Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mchezaji anayeshika nafasi ya askari wa Kisovieti hupewa chupa ya moto iitwayo Molotov. Makala haya yanachunguza jina hilo na mengine machache ya aina yake. Hoja kuu ni kwamba lakabu ya silaha huwa na msemaji na mlengwa. Mchezo unapoiazima lakabu na kumwacha nyuma msemaji, maana hugeuka.

Muungano wa Kisovieti uliivamia Ufini tarehe 30 Novemba 1939, na ndege zake zikaushambulia mji wa Helsinki. Vyacheslav Molotov, aliyesimamia mambo ya nje, alidai kwamba ndege hizo zilikuwa zikiwapelekea Wafini chakula. Wafini wakayaita mabomu hayo kapu la mikate la Molotov. Kwa kuwa mkate haukosi kinywaji, chupa za petroli walizozirushia vifaru vya adui wakaziita kinywaji cha Molotov. Nyingi zilijazwa katika kiwanda cha pombe cha serikali huko Rajamäki, na hivyo mzaha ukapata ushahidi! Silaha yenyewe haikuwa ngeni, kwani ilikwisha kutumika Uhispania katika vita vya 1936-1939. Kilichozaliwa Ufini ni jina, na jina hilo ni kejeli ya mnyonge kwa mwongo mwenye nguvu.

Ni kweli kwamba mwaka 1941 Jeshi Jekundu nalo lilivirushia vifaru vya Ujerumani chupa za namna hiyo. Kwa hiyo mchezo haukukosea kuhusu silaha. Kinachotatiza ni kwamba askari wa Stalin anabebeshwa tusi lililobuniwa dhidi ya waziri wa Stalin, nalo limekuwa lebo tu kwenye kioo.

Mtambo wa roketi uitwao Katyusha unaithibitisha hoja hii kwa njia nyingine. Katyusha ni namna ya kumwita kwa mapenzi msichana aitwaye Yekaterina, na jina hilo lilivuma kutokana na wimbo wa mwaka 1938. Wajerumani walioangukiwa na roketi hizo waliuita mtambo huo kinanda cha Stalin, kwa umbo na mlio wake. Silaha ni moja, wasemaji wawili. Bazooka ya Wamarekani, iliyoazima jina la ala ya muziki ya mchekeshaji Bob Burns, haikumlenga mtu. Haina kejeli ya kupoteza.

Kiswahili nacho kimezitaja silaha kwa istiari: mzinga wa nyuki ukazaa mzinga wa baruti, na kifaru wa porini akalipa jina gari la deraya. Hata hivyo, istiari hizi hutegemea umbo na nguvu, wala hazimdhihaki mtu. Aghalabu Molotov hutafsiriwa kuwa bomu la petroli. Tafsiri hiyo inaeleweka upesi na inafaa taarifa ya habari, lakini inaitaja chupa na kuwanyamazisha Wafini. Kwa mfasiri wa mchezo unaohusu vita vile vile, kinywaji cha Molotov kingefaa zaidi, kwani angalau kingemfanya mchezaji aulize ni nani aliyekuwa akiandaliwa kinywaji hicho.