Mandhari ya Kihistoria na Wenyeji Wake: Mfano wa Bujora, Kisesa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili nafasi ya wenyeji katika kuhifadhi na kufasiri mandhari ya kihistoria. Mfano unaotumika ni Bujora, Kisesa, katika Wilaya ya Magu, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya Mwanza. Hoja kuu ni kwamba maana ya mahali haihifadhiwi kwa kukusanya vitu peke yake, bali huhitaji watu wenye haki ya kuieleza na hata kubishana juu yake.

2.0 Ngoma Bila Ikulu

Kabla ya utemi kufutwa nchini mwaka 1963, Usukuma ulikuwa na tawala nyingi za watemi. Ngoma na viti vya utawala vilikuwa na mahali pake maalumu, yaani ikulu ya mtemi. Utemi ulipokoma, vitu hivyo vilipoteza kazi yake ya awali. Mwaka 1968 Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma, alianzisha Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora. Jengo la kuhifadhia vitu vya watemi lilipewa umbo la kiti cha enzi.

Vitu vilipata makao, lakini mandhari vilikotoka ilibaki nje. Nyumba za miti, udongo na nyasi hazidumu kama magofu ya mawe ya Kilwa. Aghalabu kinachosalia ni jina la mahali, ua wa minyaa na kumbukumbu za wazee. Aidha, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wengi kutoka katika maboma yao, na hivyo kuwatenga na alama hizo.

3.0 Hukumu ya Watazamaji

Sherehe za Bulabo, zinazofanyika Bujora kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi, zinatoa funzo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni karne ya 19, hushindana kwa kucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Hapa umma si mgeni anayepewa maelezo. Umma ndio mwamuzi. Isitoshe, ushindani haubomoi urithi, bali ndio unaouendeleza.

Ufasiri wa mandhari hauna budi kufuata kanuni hiyo. Koo mbili zikitoa simulizi tofauti kuhusu kilima kimoja, zote mbili zinastahili kuandikwa. Mtafiti anayechagua moja na kuiacha nyingine huwa amefuta sehemu ya historia.

4.0 Hitimisho

Jiji la Mwanza linapanuka kuelekea Kisesa, na viwanja vinapimwa. Kwa hiyo kuorodhesha majina ya mahali pamoja na wazee, na kuyaweka katika ramani za vijiji, ni kazi isiyopaswa kuahirishwa. Ngoma iliyomo makumbushoni inaweza kungoja. Kilima kisicho na msimulizi hakiwezi.