Upinde wa Pembe na Kano, Kuanzia Vichinjioni Dagoretti

Upinde wa Wakamba au wa Waata ni mti mmoja uliochongwa. Upinde wa pembe ni ufundi wa Waturuki, Wamongolia na Wakorea, nao ni tabaka tatu: pembe upande wa mpigaji, mbao katikati, kano upande wa shabaha. Pembe hustahimili kubanwa, kano hustahimili kuvutwa. Ndiyo maana upinde huu, ingawa ni mfupi, huvutwa hadi sikioni bila kuvunjika.

Vifaa vya kuutengeneza karibu vyote vinapatikana magharibi mwa Nairobi. Anzia vichinjio vya Dagoretti. Omba kano za miguu ya nyuma, zile nene zinazopanda juu ya kisigino, na uombe nyingi, kwa maana zikikauka husinyaa sana. Pembe ziwe ndefu. Ukipata za ng'ombe wa Ankole kutoka Uganda, usiziachie. Pembe ya ng'ombe ina tabia ya kubanduka tabaka kwa tabaka, kwa hiyo ikiwa na ufa, hata mdogo, iache. Unahitaji vipande viwili vya sentimita 30 au zaidi, vitakavyokutana kwenye mshikio. Ukiletewa pembe ya choroa, iliyonyooka kama rula, kataa: kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa na nyara bila kibali ni kosa. Kazi ya kupasua wape mafundi wa kuchonga mifupa wa Kibera. Wana misumeno, na wameshazoea harufu ambayo majirani wa Kilimani hawataivumilia.

Mbao isiwe na mafuta wala utomvu, la sivyo gundi haitashika. Wakorea hutumia mwanzi katikati na mforosadi kwenye ncha, na yote miwili inaota vizuri huku kwetu. Fundi samani wa Ngong Road atakuchania vipande vyembamba.

Chemsha pembe mpaka ilainike, ibane kwenye jiliwa katikati ya mbao mbili, uiache ipoe humo humo. Kisha ikwaruze mifereji midogo kwa meno ya msumeno wa chuma, na mbao uifanye vivyo hivyo, ili gundi ipate pa kung'ang'ania. Gundisha pembe kwenye mbao, funga kwa kamba kuanzia mwisho hadi mwisho, usiiguse kwa wiki kadhaa.

Gundi ndiyo roho ya upinde huu, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Pika vipande vya ngozi mbichi iliyonyolewa, kwa maji, sufuria ndani ya sufuria, kwenye nyuzi 60 hivi. Ikitokota, nguvu yake imekwisha. Gundi ya mabondo ya samaki hunyumbuka vizuri zaidi, ila mabondo ya mbuta yana wanunuzi wa China wanaolipa kuliko wewe.

Kano kavu zipondeponde kwa nyundo ya mti mpaka zifumuke nyuzi, zioshe kwa sabuni kutoa mafuta, uzichane. Chovya kila fungu kwenye gundi ya vuguvugu, lilaze kwa urefu, miisho ipishane. Tabaka mbili au tatu zatosha, na kila moja ikauke kwanza. Ndiyo maana napendelea kupaka kano Juni na Julai, baridi ya Nairobi ikizikausha polepole. Jua kali huzipasua. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, malizia: kwangua pembe kidogo kidogo mpaka mikono yote miwili ya upinde ipinde sawa.

Kano zikikauka huuvuta upinde ukajikunja kuelekea mbele, kwa hiyo siku ya kwanza ya kutia upote tafuta mtu wa kukusaidia, na uupashe joto kwanza. Usiufyatue bila mshale. Wala usiubebe wazi ukipanda matatu, maana askari atauona ni silaha tu. Mvua za Machi hadi Mei hulegeza gundi: vua upote, uweke upinde kwenye sanduku lenye balbu ndogo inayowaka. Wapiga mishale wa Korea nao huhifadhi pinde zao kwenye masanduku yenye joto.