Mapacha ni wawili: Hesabu niliyojifunza Ramadhani hadi Idd

  

Hapa mtaani kwetu, Singida mjini, wanangu wawili wa kiume hawaitwi kwa majina tuliyowapa siku ya saba. Wanaitwa Pacha. Ukiita "Pacha!" anageuka aliye karibu, na akigeuka siye uliyemkusudia hakuna anayejali. Wageni huwaita Hassan na Hussein, wengine Kurwa na Doto kwa desturi ya ndugu zetu Wasukuma. (Niseme kwa wasiojua: wajukuu wa Mtume (s.a.w.) hawakuwa mapacha. Hassan alizaliwa mwaka wa 3 Hijria na Hussein mwaka wa 4.) Hata mke wangu, ambaye kwa miaka sita aliitwa kwa jina la binti yetu mkubwa, sasa ni Mama Pacha. Mambo haya niliyaona madogo, mpaka Ramadhani iliyopita ilipotukuta watoto wana mwaka mmoja na miezi miwili.

Nianze na saumu ya mama yao. Alifunga siku kumi huku akinyonyesha wawili. Kwa mtoto mmoja ziwa moja hupumzika. Kwa mapacha hakuna la kupumzika. Siku ya kumi, karibu na Magharibi, alishikwa na kizunguzungu akiwa na ndoo ya maji, akakaa chini pale pale uani. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja, akasema, "Sisi tulifunga na tulinyonyesha, mwanangu." Nami ninayefundisha somo la Maarifa ya Uislamu nilinyamaza. Nakiri kwamba sikunyamaza kwa kutojua hukumu. Nilikuwa najisikia fahari kwamba nyumba yangu imefunga.

Hukumu yenyewe si ya kuchimbuliwa mbali. Anas bin Malik Al-Kaabi (siye yule Anas mtumishi wa Mtume) amepokea kuwa Allah amemwondolea ulazima wa saumu mjamzito na mnyonyeshaji, kama alivyomwondolea msafiri. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kuitimiza. Kwa hiyo watoto wa mwaka mmoja na miezi miwili bado wamo ndani ya haki yao, hata kama wanakunywa uji. Wanazuoni wametofautiana juu ya nini afanye baada ya kula. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar na Ibn Abbas (r.a.) kuwa atalisha masikini. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wanasema atalipa siku tu. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumeyakuta kwa wazee, inatazamwa hofu yake: akiogopea nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku peke yake. Akiogopea mtoto tu, atalipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Nilimwuliza mke wangu anaogopea nini. Akajibu kwamba kizunguzungu kilikuwa cha siku moja. Hofu yake ni maziwa. Akala siku 19 zilizobaki. Tukahesabu vibaba 19. Jirani mmoja mwema akasema, "Si wawili hao? Basi 38." Swali hilo lilinirudisha vitabuni, na nimeona nilieleze hapa kwa faida ya wenye mapacha. Wanazuoni wa Kishafii wamelijibu: kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwao, fidia haiongezeki kwa wingi wa watoto, kwa kuwa fidia inafuata saumu, na saumu iliyoliwa ni moja. Lakini akika huongezeka, kwa kuwa kila mtoto anachinjiwa yeye mwenyewe. Hapo ndipo nilipomkumbuka ndugu yangu aliyenishauri wakati wa akika kwamba mbuzi mmoja anatosha, "ni mapacha." Sunna kwa mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, na wawili mara mbili ni wanne. Uwezo wangu ulifika wawili, tukachinja mmoja kwa kila mtoto. Katika Sunan Abi Daud kuna riwaya ya Ibn Abbas kuwa Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo mmoja kwa Hassan na mmoja kwa Hussein.

Zakatul Fitri nayo ni kichwa kwa kichwa: pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Nyumba yetu ni watu watano. Nilikuta gunia dogo limepimwa pishi nne. Aliyepima alisema Pacha wanakula sahani moja. Tukaongeza ya tano. Na kwa kauli ya Kishafii kwamba Zakatul Fitri huwajibika kwa kuzama jua la siku ya mwisho ya Ramadhani, pacha mmoja akizaliwa kabla ya jua kuzama na mwenzake baada yake, wa kwanza anatolewa zaka na wa pili hatolewi. Walikaa tumbo moja, lakini sheria inamhesabu kila mmoja peke yake. Pishi hiyo, tusisahau, kwa miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwetu Singida inamfikia masikini wakati ghala zimepungua. Mvua ni ya msimu mmoja, na uwele na mtama bado vimesimama shambani.

Sasa nifike kwenye Idd, ambako hesabu ilinishinda kabisa. Niliwanunulia Pacha kanzu mbili ndogo na kofia mbili. Binti yangu wa miaka saba nilimwambia gauni lake la mwaka jana bado linamtosha. Ndugu wa mama yao wakaja kutoka Ilongero na kuku wawili na zawadi "za mapacha." Kila aliyeingia alitoa mkono wa Idd kwa Pacha, akawabeba, akawapiga picha. Baada ya Adhuhuri nikamtafuta binti yangu, nikamkuta jikoni anaosha vikombe. Hakuwa analia. Akaniuliza, "Baba, eti na mimi nilikuwa na pacha akafa?"

Ndugu msomaji, hadithi ya Nuuman bin Bashir nimeifundisha kila mwaka. Baba yake alimpa zawadi, mama yake Amra bint Rawaha akakataa mpaka Mtume (s.a.w.) ashuhudie. Mtume akamwuliza Bashir kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Alipojibu hapana, Mtume akakataa kuwa shahidi wa dhulma, akamwamuru amche Allah na awafanyie watoto wake uadilifu. Imo katika Bukhari na Muslim. Imam Ahmad anaona kusawazisha ni wajibu. Wanazuoni wengi wanaona ni sunna iliyotiliwa mkazo. Na wengi wao wanaona katika zawadi binti hupewa sawa na mvulana.

Nilikuwa na kisingizio cha kielimu. Wanazuoni hutofautisha zawadi na matumizi: asiye na viatu hununuliwa viatu, na mwenye navyo hana dai. Binti ana gauni. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili ana haja gani na kanzu? Ile haikuwa haja. Ilikuwa pambo, na pambo ni zawadi. Wageni siwezi kuwalaumu, kwani hawakuamrishwa kusawazisha watoto wangu. Mimi ndiye niliyeamrishwa. Tena hata Pacha wenyewe sikuwafanyia uadilifu kwa kuwavisha sare, mmoja wao kofia ilimwasha akalia mpaka ikavuliwa, nasi tukamvua na mwenzake aliyekuwa anaipenda, ili "wafanane."

Bashir aliirudisha zawadi yake. Mimi sikuwavua watoto kanzu. Siku ya tatu ya Idd nilimpeleka binti yangu sokoni, yeye peke yake, akachagua gauni na viatu. Njiani alizungumza mfululizo kuanzia sokoni hadi nyumbani. Nadhani miezi mingi sikuwa nimemsikiliza. Kule nyumbani tumeanza kuwaita wavulana kwa majina yao, japo mtaa bado unatushinda.

Mama yao ana deni la siku 19. Tumekubaliana afunge Jumamosi, siku ambayo siendi shule, ili ndoo na watoto wote watatu viwe kwangu kuanzia Alfajiri. Hadi naandika haya amekwishalipa siku sita.