MICHEZO YA WATOTO WADOGO
Somo kwa wazazi na waalimu wa sharika

Katika msimu wa korosho wazazi wengi wa Mtwara hurudi jioni wamechoka. Mtoto akilia hupewa simu, naye hunyamaza. Sisi nasi tumefanya hivyo, wala hatuandiki ili kumhukumu mtu. Lakini yatupasa kujiuliza: je, mtoto amefurahi, au amenyamazishwa tu?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri, ya kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Tena mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate dakika 180 au zaidi za kutembea, kukimbia na kucheza kila siku. Maana mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa, na kioo cha simu humwonyesha mengi pasipo kumsikiliza.

Basi tucheze nini? Pwani yetu haikosi vitu.

1. Mapishi ya mchanga. Mtoto wa miaka 3 mpeni kifuu cha nazi na mchanga mbichi. Atapika ugali na kuwakaribisha. Ketini, “mle”, mkamwulize mpishi ametia nini. Hapo ndipo maneno yazaliwapo.

2. Mashua. Kwa wa miaka 4, kumbi la nazi ndilo chombo, kijiti ni mlingoti, jani la mkorosho ni tanga. Ielee katika beseni la maji, nanyi mwulizeni kwa nini imepinduka.

3. Mdako. Kwa wa miaka 6, chimbeni kishimo mtie vijiwe 10. Mchezaji hurusha kijiwe chake juu, na kabla hajakidaka huvikomba vingine vitoke shimoni. Akirusha tena huvirudisha, akibakiza kimoja nje. Hivyo hujifunza kuhesabu na kungojea zamu.

Angalieni: mtoto mchanga asiachiwe vijiwe, asije akapaliwa. Wala msitumie korosho mbichi badala ya vijiwe, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Na pale Msimbati, au penye mlango wa Ruvuma, mtoto asicheze peke yake. Bahari hujaa, na mtoni mna mamba.

Nabii Zekaria (8:5) alipoonyeshwa Yerusalemu uliorehemiwa, aliona njia zake zimejaa watoto wakicheza. Basi mchezo si upuuzi, ni alama ya amani. Naye Martin Luther, alipokuwa ngomeni Coburg mwaka 1530, mwenye shughuli nzito za Kanisa, alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka 4, habari za bustani nzuri ambamo watoto hula matunda na kupanda farasi wadogo. Alikuwa mbali, lakini alijua la kumfurahisha mwanawe. Sisi tulio karibu tutasema nini?

Jioni ya leo simu na iwekwe kando, hata kwa robo saa. Mtoto akiwaita, mwitikieni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni mchezo gani tuliofundishwa na wazee wetu, nasi hatujawafundisha watoto?
2. Ni saa ipi ya siku tuwezayo kuketi nao?