Pando la nepia: litazame likichipua kabla hujalichukua

Ukitaka kupanda nepia, usikubali kukatiwa mabua kwenye shamba ambalo hujaliona likichipua baada ya kukatwa. Ugonjwa wa kudumaa, uliowatesa wafugaji wa magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990, hasa upande wa Bungoma na Busia, na ambao uko pia Uganda na Tanzania, hujificha kwenye nepia ambayo bado haijaguswa na panga. Majani yanapendeza, mabua ni manene, na jirani anakupa mzigo bure kwa moyo mweupe. Unapanda, unakata mara moja au mbili, ndipo shida inapojitokeza, na wakati huo jirani naye ameshawagawia wengine.

Chuchumaa kwenye shina moja uliangalie vizuri. Shina lenye ugonjwa hutoa machipukizi mengi kupita kiasi, membamba, yamebanana, yenye majani madogo ya manjano iliyofifia. Pingili zake ni fupi hata vifundo vinakaribiana. Ukikata tena, yanayorudi ni hafifu zaidi, mpaka shina zima linakufa. Ukosefu wa mbolea nao huleta umanjano, ila wenyewe hushika eneo zima na hupungua ukiweka samadi mvua zikianza. Ugonjwa huchagua: shina hili limekunjamana, la pembeni yake linakupita kimo.

Kinachosababisha ni fitoplazma, aina ya bakteria isiyo na ukuta wa seli, inayoishi ndani ya mirija inayopitisha chakula cha mmea. Watafiti wa Japani ndio walioitambua mwaka 1967. Kabla ya hapo magonjwa ya namna hii yalidhaniwa kuwa ya virusi. Kwenye nepia hubebwa na mdudu mrukaji aitwaye Maiestas banda, mdogo kuliko punje ya mchele, anayefyonza utomvu wa shina moja kisha kuhamia jingine. Lakini anayeufikisha mbali ni mtu mwenye mzigo wa mabua kwenye pikipiki. Dawa ya ukungu haifanyi lolote hapa, na kunyunyizia sumu ya wadudu kwenye majani atakayokula ng'ombe wa maziwa ni jambo la kuliepuka kabisa.

Kwa hiyo ng'oa shina na mizizi yake siku ile ile unapoliona. Majani mpe ng'ombe, hayamdhuru, mizizi choma. Mabua yakate vipande vidogo kabla ya kuyatia horini, maana kipande chenye kifundo kizima kikibaki husombwa pamoja na samadi, kikarudi shambani na kuchipua.

Sasa suala la aina. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, walizichuja aina nyingi za nepia na kupata chache zinazohimili kudumaa, zikiwemo Ouma 2 na ile inayoitwa South Africa. Anza na hizo ukizipata kwa mtu unayemwamini. Kakamega 1 inasifiwa, na inastahili, lakini sifa yake ni kuhimili fugwe, ugonjwa wa ukungu unaotia unga mweusi kwenye masuke. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na wauzaji wengi wa mabua huyachanganya. Vivyo hivyo, nepia kusifiwa kwa wingi wa majani hakukuambii chochote kuhusu uwezo wake wa kuhimili kudumaa.

Kama shamba lako limeshaingiliwa, usiling'oe lote bila kuangalia mashina yaliyobaki na afya katikati ya yaliyokufa. Hapo ndipo uteuzi unapoanzia. Funga kitambaa kwenye kila shina la namna hiyo, likate kama kawaida, uliangalie kwa mwaka mzima likichipua. Lililookoka kwa bahati tu litaanguka mdudu akilifikia. Lililosimama chukua mabua yake, kata vipande vya vifundo vitatu, fukia viwili, na upande mstari wa kila shina peke yake wenye alama, ili ujue kipi kimetoka wapi. Mistari yote ikate siku moja. Usipeleke jaribio hili eneo ambalo ugonjwa haujafika.

Kuna jambo moja ambalo macho hayawezi kulimaliza. Shina linaweza kubeba fitoplazma na lisionyeshe dalili. Hilo linavumilia ugonjwa, halijaukataa. Kwako litatoa malisho, kwa jirani mwenye aina dhaifu litakuwa chimbuko la maambukizi. Kulitambua kunahitaji kipimo cha vinasaba cha maabara. Kabla ya kuanza kugawa au kuuza mabua ya shina lako bora, muulize afisa ugani sampuli zinapelekwa wapi.

Wala usijaze shamba kwa shina moja, hata liwe zuri namna gani. Jamaika walizalisha mnazi chotara uitwao Maypan kwa kupandisha Malayan Dwarf na Panama Tall, ili kupambana na fitoplazma inayoua minazi, ndugu wa ile inayoleta kunyong'onyea kwa minazi ya pwani ya Tanzania. Ulipandwa kwa wingi tangu miaka ya 1970, ukatumainiwa, kisha ugonjwa ukarudi na kuiua hiyo hiyo Maypan. Nepia huzalishwa kwa bua, kwa hiyo shamba la shina moja ni mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Linaloliangusha moja huyaangusha yote. Weka aina mbili au tatu, mstari kwa mstari.

Pale ulipong'oa, usirudishe nepia msimu ule ule. Panda desmodiamu, maharage au viazi vitamu, na kila chipukizi la nepia likitokea kwenye vipande vya mizizi vilivyosahaulika, ling'oe likiwa bado dogo.