Tambiko na Tamasha: Suala la Lugha katika Mikusanyiko ya Kimila ya Wahehe

Makala haya yanachunguza iwapo mkusanyiko wa kimila hubaki uleule unapobadili lugha.

Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo, katika eneo ambalo tangu mwaka 2002 limo katika Wilaya ya Kilolo. Mnara wa Kijerumani uliopo pale unawakumbuka walioshindwa. Kumbukumbu ya washindi ilitunzwa zaidi kwa kauli. Mkwawa alijiua Julai 1898. Fuvu lililokabidhiwa na Gavana Edward Twining kwa Chifu Adam Sapi tarehe 19 Juni 1954 limehifadhiwa Kalenga, na kaburi la kiwiliwili liko Mlambalasi. Wapo watafiti walioutilia shaka uhalisi wa fuvu hilo, ingawa shaka hiyo haikuiondolea Kalenga hadhi yake.

Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini matambiko hayakukoma. Tambiko humsemesha marehemu: mzee huwataja waliotangulia kwa majina yao, kwa Kihehe, na waliohudhuria ni mashahidi tu. Tamasha, kwa upande wake, humsemesha mtazamaji. Hapo Kiswahili hutawala, kwani mgeni rasmi na wageni wengine hawana budi kuelewa, na ngoma ya kiduo hupangiwa dakika zake katika ratiba. Kosa la wachambuzi wengi ni kuyahesabu yote mawili kuwa “utamaduni” bila kuuliza ni nani anayesemeshwa.

Mfano wa mbali unasaidia hapa. Kwa Wampanoag wa Massachusetts, Marekani, neno powwow lilimtaja mganga kabla ya kuwa jina la mkusanyiko, kama vile “ngoma” ya Kiswahili inavyobeba chombo, mchezo na uganga wa pepo. Mikusanyiko yao iliendelea kwa Kiingereza baada ya lugha yao kukosa wasemaji kwa zaidi ya karne moja. Jessie Little Doe Baird alipoanza kuifufua mwaka 1993, tegemeo lilikuwa maandishi ya kale, ikiwemo Biblia ya mwaka 1663. Biblia hiyo, hata hivyo, ilitafsiriwa ili kuwatoa watu katika mila zao. Si mahali pa kutafuta kauli za mganga.

Kihehe kingali kikizungumzwa Kilolo. Kinachohitaji kurekodiwa kwanza, basi, si msamiati wa jumla bali kauli za tambiko lenyewe, kwa ruhusa ya wenye kutambika, ambao pia ndio wa kuamua zipi zisisikike nje ya ukoo.